Windows, WSL au Linux kamili: developa wa Lubumbashi ashike ipi?

Kila mwaka masomo yakianza, wanafunzi wa informatika wa Lubumbashi, wawe wa ESIS Salama au wa UNILU, wanarudi na swali lilelile: anayeandika programu ni lazima aijue Linux, ule mfumo endeshi huria, au Windows aliyokulia inamtosha? Wakubwa wao wa kazini hujibu kwa ushabiki, kama wanabishana juu ya Mazembe na Lupopo. Mmoja anasema asiyejua Linux si fundi. Mwingine anasema ni kupoteza muda, kwa sababu ofisi za migodi zimejaa Windows. Kila mmoja ana nusu ya ukweli, na ukiwasikiliza wote wawili utaondoka bila kujua uweke nini kwenye mashine yako.

Mimi naligawa swali hilo mara mbili. Kwanza: programu unayoiandika itakwenda kuishi wapi? Pili: mashine uliyo nayo ina RAM kiasi gani, na unamudu kununua mega ngapi kwa mwezi? La kwanza linaamua kama Linux ni lazima kwako. La pili linaamua uingie kwa mlango gani: Linux kamili, au WSL, yaani Linux ndani ya Windows.

Programu ikiishi kwenye seva

Wengi wetu tulianza PHP, lugha ya kuandikia tovuti, kwa WampServer, inayoigeuza Windows kuwa seva ndogo ya majaribio. Unafungua `C:\wamp64\www`, unaandika, unafungua kivinjari, ukurasa unatokea. Siku ya kukodi nafasi mtandaoni, hata ile ya dola tano hivi kwa mwezi kule Ulaya, utakachopewa karibu kila mara ni Linux. PHP ni ileile na MySQL, yaani hifadhidata, ni ileile, ila mfumo endeshi ulio chini yake ni mwingine, na hapo ndipo visa vinapoanzia.

Chukua programu ya kawaida ya hapa kwetu, ya stoo na mauzo ya duka la dawa. Jedwali linaitwa `clients`, lakini mahali fulani ndani ya msimbo mtu kaandika `SELECT * FROM Clients`. Kwenye Windows hakuna anayegundua, kwa kuwa MySQL ikikaa juu ya Windows huyaweka majina ya majedwali kwa herufi ndogo na haibagui ndogo na kubwa. Unaipandisha kwenye seva usiku, unalala. Asubuhi simu inalia:

— Mwanangu, mashine yako imeanza kusema Kiingereza, na watu wamejaa hapa.

— Pole, mama. Nisomee mstari wa kwanza.

— Table… duka… Clients… doesn't exist.

Jedwali lipo, na data yote iko salama. Ni kwamba kwenye Linux `Clients` na `clients` ni vitu viwili tofauti. MySQL ina mpangilio wa kuamua jambo hilo, unaitwa `lower_case_table_names`, lakini tangu toleo la 8 hauwezi kubadilishwa baada ya hifadhidata kuundwa. Dawa ni kuurekebisha msimbo, mstari kwa mstari, huku mama wa farmasi anaandika mauzo kwenye daftari. Shida hiyohiyo iko kwa mafaili: `include 'Models/client.php'` haitaliona faili linaloitwa `Client.php`, na picha ya `Logo.PNG` haitatokea ikiwa ukurasa unaitafuta `logo.png`.

Kisa cha pili ni ruhusa. Mteja anapandisha picha ya bidhaa, seva inajibu «Permission denied». Kwenye Linux kila faili lina mwenyewe, na Apache, programu inayotoa kurasa za tovuti, kwenye Debian au Ubuntu (aina mbili za Linux) hufanya kazi kwa jina la mtumiaji `www-data`. Ikiwa folda ya picha ni ya kwako wewe na si yake, haandiki humo. Ushauri utakaopewa kwanza na marafiki ni `chmod 777`, yaani kila mtu asome, aandike na aendeshe chochote. Inafanya kazi, ndiyo maana imeenea. Lakini umemwachia mlango wazi yeyote atakayepata upenyo mdogo kwenye programu yako aandike atakacho. Jibu la haki ni kumpa `www-data` folda hiyo moja tu kwa `chown`, amri ya kubadilisha mwenye faili, na kuacha nyingine zote zilivyo.

Kisa cha tatu kinawachosha hata wenye uzoefu. Windows humaliza mstari wa maandishi kwa alama mbili zisizoonekana, Linux kwa moja. Git ya Windows, chombo cha kutunza matoleo ya msimbo, ikiwekwa kama inavyojipendekeza yenyewe, hugeuza mafaili yawe ya mtindo wa Windows yanapofika kwenye mashine yako. Ukilituma faili kama hilo la `anza.sh` moja kwa moja kwenye seva au ndani ya kontena ya Docker (kisanduku cha kuendeshea programu, tutakirudia chini), utapata: `/bin/bash^M: bad interpreter`. Mtu anaweza kukesha akihakikisha kwamba bash, inayoendesha amri za faili hilo, ipo, na ipo kweli. Ile `^M` ndiyo alama ya ziada. Mstari mmoja, `*.sh text eol=lf`, ndani ya faili la `.gitattributes` unamaliza mambo.

Hakuna hata kimoja kati ya visa hivi kinachohitaji akili ya ajabu. Tatizo ni kukutana nacho kwa mara ya kwanza wakati mteja anasubiri. Anayefanya kazi kila siku juu ya Linux alikutana navyo zamani, akiwa peke yake, bila simu kulia.

Na tazama kazi zinazopatikana kwetu nje ya tovuti za maduka. Takwimu za afya za nchi hii zinakusanywa kwa DHIS2, iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo. Inaendeshwa kwa lugha ya Java na hifadhidata ya PostgreSQL, na mafundi wake huiweka juu ya seva za Ubuntu. Mashirika ya misaada hukusanya data kwa KoboToolbox, ambayo ukitaka kuisimika mwenyewe utapitia Docker. Makampuni ya kati yanayotaka hesabu za OHADA (kanuni za pamoja za biashara za nchi kadhaa za Afrika) bila leseni nzito huangukia Odoo, programu ya kuendeshea biashara ya Ubelgiji, ambayo nayo makazi yake ya kawaida ni Ubuntu au Debian. Hata routa ya MikroTik iliyofungwa kwenye kabati la mtoa intaneti wa mtaa wako ina kiini (kernel) cha Linux ndani yake, kama ilivyo simu ya Android mfukoni mwako. Ukitaka kupata mkate kwenye mojawapo ya hizi, Linux ni sehemu ya kazi yenyewe.

Pale Windows inaposhinda bila ubishi

Sasa nimpe haki yake yule mwingine, anayeitetea Windows. Lubumbashi ni mji wa shaba na kobalti, na pesa nyingi za informatika hapa hupitia migodini. Mtaalamu wa jiolojia anafungua Surpac, programu ya kuchorea migodi, ambayo ni ya Windows. Mhasibu anafungua Sage 100, ya Windows. Ofisi ya ugavi inaishi ndani ya Excel yenye makro ambazo hakuna anayekumbuka nani aliziandika. Ukiajiriwa kutengeneza vifaa vidogo vya ofisi hizo, kwa VB.NET, kwa Access au kwa WinDev ya Wafaransa wa PC SOFT, mashine ya Linux itakuchelewesha. Hakuna sababu ya kujitesa.

C#, lugha ya Microsoft, imebadilika, na wengi hawajapata habari. Ile .NET Framework ya zamani ilifungwa kwenye Windows, lakini Microsoft iliifungua .NET mpya kuanzia 2014, toleo lake la kwanza lilitoka 2016, na leo inakwenda vizuri juu ya Linux. SQL Server nayo inawekwa kwenye Linux tangu 2017. Kwa hiyo mwandishi wa C# wa leo naye anaweza kujikuta anapeleka kazi kwenye seva ya Ubuntu, ingawa skrini yake ina Visual Studio, karakana ya kuandikia msimbo, ambayo ile kamili bado ni ya Windows.

Kuna pia mambo ya kawaida ya maisha. Mémoire inatakiwa kwa Word. Secrétariat public jirani na chuo inafungua faili lako, na ukiwa umeliandika kwa LibreOffice, vichwa vya kurasa na jedwali la yaliyomo vinaweza kuhama. OnlyOffice inapunguza usumbufu huo, haiumalizi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho anayefuta Windows mwezi mmoja kabla ya kuwasilisha kazi yake anajitafutia.

RAM ndiyo hakimu

Hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu, kwa kuwa kuna njia tatu: kubaki na Windows tupu, kuweka Linux ndani ya Windows kwa WSL, au kuiweka Linux moja kwa moja kwenye diski, peke yake au pamoja na Windows.

WSL ni kitu cha Microsoft wenyewe. Toleo la kwanza lilitangazwa 2016. La pili, la 2019, lilileta kiini halisi cha Linux kinachoendeshwa ndani ya Windows. Unafungua PowerShell, unaandika `wsl --install`, na baada ya kuwasha upya una Ubuntu inayofanya kazi. Word yako ipo, Sage ipo, na terminali ya kweli, dirisha la kuandikia amri, ipo. Kwa mtu mwenye RAM ya giga 16 hii ndiyo njia ninayoipendekeza bila kusita, hasa kama mashine ni ya ofisi na huruhusiwi kugusa diski yake.

Lakini soma bei yake. Bila kuambiwa vinginevyo, WSL 2 inajiruhusu kuchukua hadi nusu ya RAM ya mashine. Kwenye giga 8, Windows yenyewe na kivinjari chenye kurasa kumi zimeshajaza nusu yao; ukiwasha Docker na VS Code, feni inaanza kupiga kelele. Unaweza kuiwekea mpaka kwenye faili la `.wslconfig`, na ufanye hivyo. Kwenye giga 4, sahau.

Jambo jingine: usiweke mradi wako ndani ya `/mnt/c`, yaani kwenye diski ya Windows, kisha ukaufanyia kazi kutoka Linux. Kila faili linavuka mpaka kati ya mifumo miwili, na mradi wa Node au wa Laravel wenye maelfu ya mafaili madogo unakuwa mzito ajabu. Uweke ndani ya `/home`, na utafikiri umebadilisha kompyuta. Ujue pia kwamba diski ya WSL ni faili moja kubwa linalokua unapoongeza vitu, na ukivifuta halipungui lenyewe.

Linux kamili kwenye diski haina mzigo huo. Mint yenye mandhari nyepesi ya Xfce, au Debian yenye Xfce, inaipa nafasi ya kupumua mashine ya giga 4 ambayo Windows 11 ingeisonga. Na hapa Lubumbashi hilo si jambo dogo, kwa sababu mashine nyingi za developa chipukizi ni za mtumba: HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T470, Dell Latitude za miaka ileile. Ni mashine imara, kibodi zake nzuri kuliko za mpya za bei rahisi. Ila prosesa zake ni za Intel kizazi cha 6 au cha 7, na Windows 11 rasmi inataka kizazi cha 8 kwenda juu pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Windows 10 nayo iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, isipokuwa kwa aliyejiandikisha kwenye nyongeza ya mwaka mmoja. Kwa hiyo mwenye EliteBook hiyo ana Windows 10 isiyozibwa tena matundu, au Windows 11 iliyoingizwa kwa ujanja, au Linux ambayo haimuulizi umri wa prosesa.

Tuseme pia lile ambalo kila mtu analijua. Leseni ya Windows 11 Home inauzwa dola 139 kwa bei rasmi ya Marekani, na Windows nyingi za mtaani zimekrakiwa. Kuna anayeona si kitu. Mimi naona ni kitu kwa developa kuliko kwa mwingine: kile kiprogramu cha kukraki unakipa mamlaka yote juu ya mashine, na unaombwa uzime antivirusi kwanza. Juu ya mashine hiyohiyo unaweka funguo za SSH, yaani za kuingilia kwa mbali, za seva ya mteja. Ikiwa huwezi kununua leseni, Linux inakutoa kwenye hesabu hiyo kabisa.

Mega sasa. Ubuntu ya kompyuta ya mezani, toleo la 24.04, ni faili la karibu giga 6. Kwa anayenunua forfait ya siku ni pesa. Mint ni kama nusu yake. Faili dogo la kusimikia Debian liko chini ya giga 1, lakini linavuta mengine yote kutoka intaneti wakati wa kusimika. Kuna pia picha yake ya DVD ambayo inasimika mfumo mzima bila intaneti. Mtu mmoja akilipakua kwenye Wi-Fi ya chuo, wengine wananakili kwa flashi. Hakuna sheria inayovunjwa hapo. Leseni yenyewe ndiyo inayowaruhusu kunakiliana.

Mbinu moja inayookoa mega: ukisimika programu kwa `apt-get` badala ya `apt`, vifurushi vilivyopakuliwa vinabaki kwenye `/var/cache/apt/archives`. Vinakili kwenye flashi, mpelekee mwenzako wa Katuba mwenye toleo lilelile, aviweke kwenye folda hiyohiyo, naye hatavipakua upya. Amri ya `apt` yenyewe huvifuta ikimaliza, ndiyo maana wengi wanaikuta folda ni tupu.

Masasisho ya Windows yanaweza kuzuiwa kwa kuutangaza mtandao kuwa wa kupimwa (metered), na kila anayetumia simu kama modemu afanye hivyo leo. Linux inakuachia zaidi uamuzi wa lini upakue, ila usidanganyike: vifurushi vya snap vya Ubuntu hujisasisha vyenyewe. `sudo snap refresh --hold` inavituliza hadi utakapokuwa kwenye Wi-Fi ya mtu mwingine.

Linux ipi, na wengine walioko pembeni

Usitumie wiki nzima kuchagua. Ubuntu, Mint na Debian ni familia moja: Debian ilianza 1993, Ubuntu ikajengwa juu yake 2004, Mint ikaja 2006 juu ya Ubuntu. Amri ni zilezile. Chukua Mint ukiwa unatoka Windows na mashine ni ya wastani. Chukua Ubuntu LTS, toleo la kutunzwa muda mrefu, ukitaka mashine yako ifanane na seva. Chukua Debian ukipenda kitu kisichobadilika-badilika. Matoleo ya LTS ya Ubuntu hutoka kila baada ya miaka 2 na kutunzwa bure miaka 5, kwa hiyo 24.04 inakufikisha 2029.

Ubuntu ina la ziada kwa mtu wa Katanga. Aliyeianzisha, Mark Shuttleworth, alizaliwa Welkom, mji wa migodi ya dhahabu huko Afrika Kusini. Aliuza kampuni yake ya usalama wa mtandaoni 1999, akaenda angani 2002, Mwafrika wa kwanza kufika huko, kisha akaweka pesa zake kwenye mfumo endeshi wa kugawa bure. Kwa miaka kadhaa walikuwa wakituma hata CD kwa posta bila malipo, kwa yeyote aliyeomba.

FreeBSD? Mfumo endeshi mwingine, mzuri, nao ni huria, lakini kama swali lako ni la ajira ya hapa, utausoma baadaye. Mac? Ina terminali inayofanana na ya Linux kwa mengi, na ukitaka kutoa programu za iPhone huna njia nyingine, kwa kuwa Xcode inakaa kwenye macOS tu. Bei yake unaijua. Na kumbuka kwamba diski ya Mac nayo, kwa kawaida yake, haibagui herufi ndogo na kubwa, kwa hiyo kile kisa cha faili la `Client.php` kinaweza kukukuta ukiwa na mashine ya dola 1,000.

Kuijua kiasi gani

Hapa ndipo nisipokubaliana na mashabiki wa Linux. Developa hahitaji kujua kujenga kiini mwenyewe, wala kukariri amri mia. Anahitaji kuingia kwenye seva kwa SSH na kwa ufunguo, si kwa nywila. Ajue nani mwenye faili na kwa nini. Ajue kusoma kumbukumbu za matukio, `journalctl -u nginx` au zile za `/var/log`, kabla ya kuuliza kwenye kundi la WhatsApp. Ajue kuona diski imejaa (`df -h`) na nani kaijaza (`du`), kwa sababu seva nyingi ndogo hufa kwa kujaa kumbukumbu za matukio tu. Ajue mlango upi wa mtandao umeshikwa na programu ipi. Ajue kuiwekea huduma ijiwashe yenyewe seva ikizimwa na kuwashwa tena. Mambo hayo yanaingia kichwani kwa miezi michache ya kutumia kila siku, na hayaingii kwa kusoma PDF.

Kontena nazo zinaeleweka hapo. Docker si uchawi: inatumia uwezo wa kiini cha Linux wa kutenga kila programu isiione nyingine na kuipimia RAM na prosesa yake. Ndiyo maana ukiweka Docker kwenye Windows au Mac, kuna Linux iliyofichwa inayoendeshwa chini kwa chini. Ukifanya kazi na Docker ukasema hutumii Linux, unaitumia bila kuiona.

Saa ni jaribio zuri la kujipima. Umeandika cron, yaani kazi ya kujiendesha kwa saa maalum, ya kumtumia bosi ripoti saa 06:00 asubuhi, na kila siku inafika 08:00. Asiyejua ataanza kuchokonoa msimbo wa PHP. Anayejua ataandika `timedatectl` na kuona kwamba seva iko kwenye UTC, saa ya kimataifa, nasi wa Lubumbashi tuko saa 2 mbele. `timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi`, kisha unaiwasha cron upya. Usikosee ukaandika `Africa/Kinshasa`, maana utabaki na saa moja ya ziada na kesho utarudi palepale.

Jingine la kwetu ni kibodi. AZERTY inaficha alama ambazo terminali inazitaka kila dakika: `|` ni AltGr na 6, `~` ni AltGr na 2, `\` ni AltGr na 8. Unazizoea upesi. Linaloumiza ni kuingia seva kupitia dirisha la dharura kwenye tovuti ya mwenye seva: mara nyingi linakuchukulia una QWERTY, kwa hiyo `a` inakuwa `q`, `w` inakuwa `z`, na nywila unayoijua kwa moyo inakataliwa.

Na kuna faida ya uhuria wenyewe, si ya bei. Machi 2024, Andres Freund, developa wa PostgreSQL aliyeajiriwa na Microsoft, aliona kuingia kwa SSH kwenye mashine yake ya majaribio ya Debian kunachelewa nusu sekunde hivi. Alifuatilia. Akakuta mtu amepandikiza mlango wa siri ndani ya maktaba ya xz, ya kubana mafaili, ambayo ingekwenda kuenea kwenye seva za dunia nzima. Hakuwa mtaalamu wa usalama. Alikuwa na mazoea ya kuuliza mashine yake inafanya nini, na kila kitu alichohitaji kukisoma kilikuwa wazi mbele yake. Kwenye mfumo uliofungwa angeishia kulalamika kwamba mashine imekuwa nzito.

Kwa hiyo nani ashike nini

Mwanafunzi mwenye mashine ya mtumba ya giga 4 hadi 8, anayelenga tovuti, data au seva: weka Mint au Debian kwenye diski, pembeni ya Windows kama bado kuna mémoire, peke yake kama haipo. Ikiwa ina diski ya zamani ya kuzunguka, nunua SSD kabla ya chochote. Hiyo itakupa kasi kuliko mfumo wowote utakaochagua.

Mwajiriwa wa ofisi ya mgodi au benki mwenye giga 16: baki Windows, weka WSL, na upeleke miradi yako binafsi huko.

Anayeishi kwa WinDev, Access na makro za Excel, na haoni dalili ya kuhama: Windows, na leseni halali. Kodi seva ndogo ya Linux mwezi mmoja au miwili ujifunze kwa mbali. Ya giga 1 ya RAM inatosha kuendesha PHP na hifadhidata ndogo. Ukiharibu, unaifuta na kuanza upya.

Anayetengeneza programu za Android tu: mfumo wowote, ilimradi RAM ni nyingi. Android Studio inakula kuliko Docker. Jaribu kwenye simu halisi kwa waya wa USB, uachane na simu ya kuigiza.

Ukiamua kuweka Linux pembeni ya Windows, fanya haya kwa mpangilio huu. Nakili data yako nje ya mashine, yote. Angalia kama Windows imefunga diski kwa BitLocker, kufuli yake ya siri. Windows 11 huweza kufanya hivyo bila wewe kujua, na bila ule ufunguo wa kurejesha unaweza kufungiwa nje ya mafaili yako mwenyewe, kwa hiyo uchukue kutoka akaunti yako ya Microsoft na uuandike kwenye karatasi. Zima ule uwashaji wa haraka wa Windows, kwa kuwa unaiacha diski nusu imelala na Linux itakataa kuandika humo. Punguza nafasi ya Windows kwa kutumia chombo cha Windows chenyewe. Kisha washa mashine kutoka kwenye flashi bila kusimika kitu, na ukae nayo saa moja: Wi-Fi inashika, sauti inatoka, mwanga wa skrini unapungua, mashine inalala na kuamka. Kadi za Wi-Fi za Broadcom ndizo zenye ukaidi zaidi. Ikigoma, unganisha simu kwa waya wa USB upate intaneti ya kupakulia draiva yake. Fanya kazi hiyo betri ikiwa imejaa na chaja imechomekwa, na usianze kugawa diski saa ambazo SNEL ina mazoea ya kukata umeme mtaani kwenu.